Sanda ya Mtu Aliye Hai

Inspekta Nikodemu Nampoto alikuwa ameshakagua kitanda, kabati na komeo la dirisha, na hakuona cha maana. Kilichomsimamisha kilikuwa juu ya meza. Katikati ya vumbi jembamba palikuwa na duara safi, ukubwa wa sahani ya wali.

"Hapa palikuwa na nini, mama?"

Bi Mwanabaraka, mwenye nyumba, alikuwa amesimama mlangoni, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Aliichungulia meza kana kwamba haikuwa ya nyumbani kwake.

"Labda chombo chake cha chai. Birika moja kubwa la shaba, lina bomba kwa mbele. Yeye huliita samawari."

"Limekwenda wapi?"

"Watakuwa wamelichukua hao waliomchukua."

Inspekta aligusa lile duara kwa kidole. Alifungua mtoto wa meza, ile droo yake. Palikuwa na kichana, tasbihi iliyokatika na kisanduku kitupu cha dawa za presha. Kifuko cha miwani kilikuwamo, miwani yenyewe haikuwamo. Aliirudisha droo taratibu, akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwamo chumbani.

Mwanamke huyu alikuwa amefika kituoni Jumatano, asubuhi na mapema, akaripoti kwamba mpangaji wake ametoweka tangu jana yake. Mpangaji mwenyewe alikuwa Behruz Sarvandi, Mwajemi wa miaka sabini na ushee, mkimbizi mwenye karatasi halali, ambaye Mtoni yote, toka Kilwa Road mpaka bondeni, ilimjua kwa jina la Mzee Ajemi. Bi Mwanabaraka hakuishia kwenye kuripoti. Aliwatajia polisi na mtu wa kumkamata, naye ni mgeni aliyefikia gesti ya karibu na stendi, Mwajemi vilevile. Kabla ya magharibi mgeni yule alikuwa mahabusu. Leo ilikuwa Alhamisi, na mzee hajaonekana, si mzima si maiti.

"Nieleze tena alivyokuja huyo mgeni."

"Nilishaeleza kituoni."

"Nieleze na mie."

Bi Mwanabaraka alivuta pumzi. "Alikuja Jumatatu. Mzee kaenda kuswali adhuhuri, bado hajarudi. Mie niko uani nakaanga samaki wangu. Mara namwona mtu mlangoni, mrefu, mwembamba, ana ndevu. Anasema, anasema, mie sielewi hata neno. Akatoa picha iliyokatwa gazetini. Natazama, ni mzee, lakini wa zamani, nywele nyeusi tele. Nikanyamaza. Basi akafungua mkoba, akatoa kitambaa." Alishusha sauti. "Baba, mie naosha maiti mtaa huu tangu sijaota mvi. Sanda nikiiona naijua. Ananionyesha picha, ananionyesha sanda. Picha, sanda. Hapo mtu anahitaji mkalimani?"

"Ukafanyaje?"

"Nikampungia mkono aende zake. Hayupo, hayupo! Akaondoka anageukageuka nyuma."

"Mzee aliporudi ukamwambia?"

"Nisimwambie? Aliketi hapo ulipoketi. Halafu akasema, 'Basi wamefika.' Kesho yake nikaenda kununua samaki, kurudi, chumba kitupu."

"Wamefika akina nani?"

"Mzee yule si mtu wa hivi hivi, mwanangu. Kwao alikuwa jaji, tena mkubwa wa majaji wa Shirazi. Kisha watu wakampa ubunge. Akasema maneno bungeni, wenye nguvu hawakuyapenda, ikabidi akimbie. Wenzie wawili waliokimbia kama yeye waliuawa ugenini, na mpaka leo hajulikani aliyewaua. Ndiyo maana anapokuwa na mgeni asiyemjua, hulala na viatu."

"Na kwako wewe ni nani?"

"Mpangaji."

"Mpangaji tu?"

Bi Mwanabaraka alitazama paa la bati, kisha akatazama ukuta, kisha akapangusa mkono wake juu ya ukuta ule kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Mume wangu alipofariki, nduguze walitaka kuiuza nyumba yangu. Nyumba niliyojenga mie, kwa samaki. Mzee Ajemi hana ruhusa ya kusimama mahakamani nchi hii. Lakini alinikalisha hapa jioni baada ya jioni, yeye akajifanya hakimu. 'Bi Mwanabaraka, saruji alinunua nani? Aliyeona ni nani? Yuko hai?' Nikilia, ananiambia, 'Futa machozi, jibu swali.' Siku nilipofika mbele ya hakimu wa kweli, wallahi sikutetemeka. Umeketi ndani ya nyumba aliyoniokolea yeye. Sasa niambie, huyo muuaji wenu mmembana amesemaje?"

Inspekta Nikodemu alisimama. "Ndiyo nakwenda kumbana, mama."

*

Mahabusu aliletwa chumba cha mahojiano. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, na cha Inspekta kilikuwa cha kozi ya polisi ya Moshi. Walielewana.

"Jina?"

"Iraj Kamyabi."

"Unakaa wapi?"

"Karachi. Nina duka la miwani."

"Jaji Sarvandi yuko wapi?"

"Hilo ni swali langu pia."

"Umemfanya nini?"

"Sijamwona. Maishani mwangu sijapata kumwona."

"Umesafiri toka Karachi kumfuata mtu usiyepata kumwona?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu nitamwambia mwenyewe."

Inspekta alitoa bahasha kubwa ya vielelezo, akamwaga vilivyomo. Ile picha ya gazeti ilitoka kwanza, kisha kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Kilianguka karibu na kibati cha wino wa kuchukulia alama za vidole. Iraj aliruka kutoka kitini. Askari aliyekuwa mlangoni alishika kirungu, lakini mtu yule hakwenda popote. Alikisogeza kibati cha wino pembeni, akakiinua kitambaa kwa mikono miwili, akakagua pembe zake moja moja, kisha akakilaza mahali pakavu.

"Samahani," alisema. "Wino hautoki."

"Keti." Inspekta alingoja mpaka aketi. "Hii ni sanda?"

"Ni sanda."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Yako. Na picha ni ya jaji."

"Ndiyo. Ni yangu, na ninamletea yeye."

"Mtu anamletea mwenzake sanda kwa heri?"

Iraj aliitazama sanda. Inspekta akasema kama mtu aliyechoka, "Haya. Mie na wewe hatuelewani vizuri. Nitaupigia simu ubalozi wenu, watuletee mkalimani."

Rangi ilimtoka mtu yule usoni. "Hapana. Nifunge, nipeleke mahakamani, nirudishe Karachi. Ubalozi, hapana."

"Unaogopa nini?"

"Kila mtu atakayejua nilichofuata huku, atajua na jaji yuko huku." Alikunja mikono juu ya meza. "Nilimtafuta miaka mingi kimya kimya, Inspekta. Sikutaka kuwa mimi niliyewaonyesha watu njia."

Baada ya hapo hakusema neno jingine. Alirudishwa mahabusu, na sanda ikabaki mezani.

*

Sajini Noela aliingia ofisini na vumbi la Mtoni kwenye viatu. Alikuwa ametumwa kuuliza majirani, na alikuwa na desturi ya kuanza na asichoulizwa.

"Afande, yule mama wateja wake wamenuna. Samaki wanachelewa."

"Samaki gani tena?"

"Wa kukaanga. Miaka yote ananunua Feri, asubuhi mapema anakuwa ameshawasha jiko. Tangu Jumanne ananunua Kunduchi."

Inspekta Nikodemu aliacha kuandika. "Kunduchi?"

"Anaipita Feri, anapita mjini kote, Mwenge, mpaka Kunduchi. Samaki changu ni changu, afande. Wa Kunduchi hana mapezi ya dhahabu."

"Ana nani kule?"

"Mdogo wake. Anaitwa Mwinjuma, mchuuzi pale mnadani."

Inspekta alijiegemeza kwenye kiti. "Noela, ukitekwa nyara leo, utaondoka na nini?"

"Na roho yangu nikiachiwa."

"Mzee huyu ameondoka na miwani, dawa za presha, na birika la shaba la kilo kadhaa. Aliyemchukua alimsubiri mpaka akafunga virago vya chai. Na mwenye nyumba, mtu anayeamini mpangaji wake keshachinjwa, ananiambia yeye huliita hivi, hulala hivi. Hajamzungumzia kama marehemu hata mara moja."

"Kamficha yeye."

"Kamficha yeye. Halafu kaja kuripoti ili sisi tumkamatie mgeni. Katutumia, tena vizuri."

Noela alicheka kidogo, halafu akakumbuka. "Lakini mkuu kanikuta koridoni. Anasema kesho mchana hataki kumwona yule mahabusu hapa. Ama ana kesi, ama wenye nchi yao waje wamchukue."

"Na akitoka, je, akamwue mzee wa watu?" Inspekta alimsogezea ile sanda. "Nami sijui sanda. Kwetu Newala tunazika na suti. Hebu itazame."

Noela aliifungua mkunjo mmoja, akainusa. "Karafuu maiti. Lakini imechuja, ya zamani sana. Na mikunjo imegeuka rangi ya chai, ona. Hii imekaa sandukuni miaka na miaka." Alipitisha kidole ukingoni. "Na imepigwa bandi kwa mkono. Mshono mdogo mdogo, wa mtu aliyekuwa na muda. Au aliyekuwa anatafuta cha kumpitishia muda."

"Anayetaka kumtisha mtu kwa sanda atahangaika na ya zamani?"

"Siku hizi za ruksa ya biashara? Mtaa wa Kongo bafta mpya ya sanda inauzwa hadi kwenye mikokoteni."

Inspekta alichukua kofia yake. "Twende Kunduchi."

*

Hakwenda kumuuliza mtu yeyote habari za mzee Mwajemi. Swali hilo lingekimbia mbele yake na kumfikia Mwinjuma kabla yake. Alisimama kwenye duka la Didas, karibu na mnada wa samaki, akanunua soda mbili, akanywa taratibu.

"Unayo sukari ya vipande?" aliuliza, akiwaza chai ya Kiajemi. "Ile ya kwenye boksi."

"Ilikuwepo, mzee wangu," Didas alisema. "Siku hizi kila kitu kipo. Ila Mwinjuma kazoa yote juzi. Nikamuuliza, braza, unafungua hoteli?"

"Akasemaje?"

"Eti tumbo linamsumbua. Mie sijawahi kuona tumbo la sukari."

Nyumba ya Mwinjuma ilikuwa nyuma ya vichanja vya kukaushia dagaa. Mwenyewe alikuwa uani anaparua magamba, na alipoona sare ya Noela kisu kilimponyoka.

"Sina kitu hapa, afande."

"Sijakuuliza."

"Hata mtu simo… sina."

Kutoka ndani ikasikika sauti ya uzee, tulivu, yenye Kiswahili cha kuchagua maneno. "Mwinjuma, usijitese. Waambie waingie."

Samawari lilikuwa juu ya stuli, linafuka mvuke. Kando yake aliketi mzee mrefu mwenye mvi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Shikamoo, mheshimiwa jaji."

"Marahaba. Umekuja na wangapi?"

"Mie na sajini wangu tu."

"Basi hukuja kunikamata. Karibu chai." Alimimina kwenye bilauri ndogo kwa mkono usiotikisika, kipande cha sukari pembeni. "Bi Mwanabaraka atashtakiwa?"

"Hilo tutaliona. Kwanza nataka nikujue wewe. Kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili yako."

Mzee aliitazama chai yake. Alieleza kwa ufupi, kama mtu aliyezoea kusikiliza wengine wakirefusha. Baba yake alikuwa mshona viatu Shirazi. Yeye alisoma sheria Tehrani, akapewa mahakama ya mji mdogo wa mlimani ambako kesi zilikuwa za kondoo na mipaka ya mashamba. Akapanda ngazi, mji baada ya mji, hadi akawa kiongozi wa jopo la majaji wa rufaa Shirazi. Utawala ulipobadilika, wengi waliondolewa, yeye akaachwa.

"Kwa muda," alisema. "Faili za kunyongwa zilianza kuja kwetu kwa ajili ya kuthibitishwa. Nilithibitisha zilizonipa ushahidi. Zisizo na ushahidi nilizirudisha. Hazikupendwa. Nikaondolewa kazini kwa barua ya mistari miwili. Watu wa Shirazi wakanichagua mbunge, nadhani kwa kunihurumia. Bungeni nilisema jambo moja tu, kwamba mtu asihukumiwe kufa kwa kikao kimoja, bila wakili. Hotuba fupi sana. Imenigharimu nchi nzima."

"Unamjua Iraj Kamyabi?"

Mzee alifikiri, bila haraka. "Hapana."

"Alikuwa na picha yako. Na sanda."

"Nimeambiwa. Nawe unataka nirudi Mtoni, nikutane naye."

"Naamini hakuja kukuua."

"Unaamini." Mzee aliiweka bilauri chini, na pale pale sura yake ikabadilika, mgongo ukanyooka. "Ushahidi wako ni upi?"

Noela alimtupia Inspekta jicho. Nikodemu alijikuta amesimama, na kofia ameivua.

"Kwanza, mheshimiwa, alijionyesha mchana, kwa mwenye nyumba wako, akaacha sura yake ikatazamwa. Aliyekuja kuua hafanyi hivyo. Pili, aliandika jina lake halisi gesti, na pasipoti yake inasema hivyo hivyo. Tatu, nilipotaja ubalozi alikuwa radhi afungwe kuliko uitwe. Anaogopa unachokiogopa wewe. Nne, sanda. Ni ya zamani, imeshonwa kwa mkono, na anaishika kama mtoto mchanga. Na nilipomuuliza ni ya nani, alisema ni yake."

"Alisema yake?"

"Yangu, na ninamletea yeye. Ndivyo alivyosema."

Nje, wachuuzi walikuwa wanapigiana kelele za bei, na paka wa Mwinjuma alikuwa amekipata kichwa cha samaki.

"Ushahidi wako hauthibitishi kwamba ni mtu mwema," jaji alisema hatimaye. "Lakini hakuna hata kimoja kinachothibitisha kwamba ni mbaya. Na mimi, mwanasheria wa miaka yote hiyo, nimejificha nyuma ya samaki huku mtu amelala rumande kwa sababu mtu alimwogopa." Alianza kutafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. "Penye shaka, mshtakiwa ndiye anayefaidika nayo. Mlete kesho asubuhi. Si kituoni. Nyumbani."

*

Ijumaa, ukumbi wa nyumba ya Bi Mwanabaraka ulifagiliwa kama wa harusi, ingawa mwenye nyumba alikuwa amekasirika. Alikuwa ameketi karibu na mlango wa uani, mchi wa kinu umelazwa karibu na mguu wake, na hakuna aliyemuuliza ni wa nini.

Noela alimpekua Iraj mlangoni, mara mbili. Inspekta akamkabidhi sanda na picha yake.

Mgeni aliingia, akamwona mzee aliyeketi mkekani, akasimama. Aliitoa picha ya gazeti mfukoni, akaitazama, akamtazama mzee, akairudisha. Halafu akaketi mbele yake, akaiweka ile sanda juu ya mkeka kati yao. Bi Mwanabaraka alishika mchi.

Iraj alianza kusema Kiajemi. Alisema taratibu mwanzoni, halafu maneno yakaja kwa kasi. Jaji alisikiliza ameinamisha kichwa. Mara moja alinyanyua mkono kumkatiza, akauliza swali, akajibiwa. Akauliza jingine. Kisha mkono ule haukushuka, ulibaki hewani, halafu ukaziba macho.

"Mzee," Inspekta alisema. "Anasema nini?"

Sauti ya jaji ilipotoka haikuwa ile ya jana.

"Alikuwa mwanafunzi. Mlinzi wa ghala aliuawa, akakamatwa yeye na mwenzake. Shahidi alisema alimwona usoni kutoka ng'ambo ya barabara, usiku ambao mji hauna umeme. Mahakama ya chini ikamhukumu kufa. Familia ikaambiwa ilete nguo ya kuzikia. Mama yake hakuwa na pesa ya kununulia… hapana, samahani, anasema pesa alikuwa nayo, ila hakutaka sanda ya mwanawe ishonwe na mtu mwingine. Alishona mwenyewe. Kila siku anakwenda lango la gereza, anaketi, anashona."

Noela alitazama pembeni.

"Faili likaja kwenye jopo letu. Wenzangu wawili walithibitisha. Mimi niliandika kwamba hakuna jicho linaloona sura gizani kwa umbali ule, na nikakataa kutia sahihi. Bila sahihi yangu, mimi kiongozi wa jopo, haikuwezekana. Hukumu ikafutwa. Alikaa ndani miaka michache kwa makosa mengine ya kubuniwa, akatoka. Mimi mwezi uliofuata nilifukuzwa kazi."

"Kwa ajili yake?"

"Kwa ajili yake na wengine." Jaji alimgeukia Iraj, akasema kitu kwa Kiajemi, kisha akakitafsiri mwenyewe, kwa haki. "Nimemwambia ukweli. Simkumbuki. Faili nalikumbuka, giza lile nalikumbuka. Yeye simkumbuki. Sisi wa rufaa tunasoma karatasi, watu hatuwaoni."

Iraj hakuonyesha kuumia. Alijibu kwa sentensi fupi.

"Anasema yeye pia hakuniona. Mama yake aliikata picha yangu gazetini nilipoingia bungeni, akamwambia, mtazame sana mtu huyu. Mama alifariki mwaka jana. Baharia mmoja Karachi ndiye aliyemwambia Iraj kwamba kuna jaji wa Shirazi anaishi Dar es Salaam." Alisita. "Mama alimwachia sanda hii. Maneno yake yalikuwa, 'Mpelekee. Mwambie haikutumika.'"

Jaji alinyoosha mkono, akaigusa bandi kwa ncha za vidole, akaifuata kutoka pembe moja hadi nyingine. Alipofika mwisho alianza tena upya.

"Inspekta," alisema, "nilikuwa kijana nilipokula kiapo cha ujaji. Nimekuwa jaji, nimekuwa mbunge, nimekuwa mkimbizi. Katika muda wote huo nimewasikia waliokasirika. Hao hawapotei, wanakufuata hadi ng'ambo. Sikujua kwamba na wa namna hii nao wanafuata."

Aliikunja sanda kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akaiweka mapajani.

"Nitaipokea. Ugenini hapa nilikuwa sina ya kwangu. Siku ikifika, hii itanifaa."

"Mungu apishe mbali!" Bi Mwanabaraka aliruka. "Leo ndiyo mnaongea habari hizo?"

"Si leo, Bi Mwanabaraka. Si leo." Mzee alikuwa anacheka, huku machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu, na Iraj, bila kujua wanacheka nini, naye akacheka.

Inspekta Nikodemu alikohoa. Kazi ilikuwa bado haijaisha. "Bi Mwanabaraka, kuwadanganya polisi ni kosa la jinai. Umemlaza mtu rumande siku mbili, mtu asiye na hatia. Unalijua hilo?"

"Nalijua." Mwanamke hakuinamisha uso. "Na angekuwa mbaya kweli, ningefanya vile vile. Nipeleke tu. Lakini nipakue kwanza, wali utaganda."

Inspekta aligeuka kumtazama Noela. Noela alikuwa anasoma kalenda ukutani kwa makini sana.

"Aliyepotea amepatikana," Inspekta alisema. "Nitaandika hivyo. Mahabusu hana kesi, anaachiwa. Kwa hilo la pili, nakuonya. Safari nyingine njoo uniambie ukweli, mama, nitakusaidia kuficha."

Wali uliletwa kwenye sinia, na changu, na mchuzi wa nazi usio na pilipili kwa ajili ya wageni. Jaji alimwelekeza Iraj upande wa kunawa. Walipokuwa wanaketi kuizunguka sinia, Iraj alimwinamia mzee, akamuuliza kitu kwa sauti ya chini. Mzee alijibu. Iraj alirudia, akasahihishwa, akarudia tena, midomo ikiyaonja maneno. Kisha akasimama, akamwendea Bi Mwanabaraka pale alipokuwa anamimina maji, akaweka mkono kifuani.

"Asante, mama," alisema, neno moja moja. "Asante… kumficha."

Bi Mwanabaraka alibaki ameshika jagi. Maji yalijaa kwenye bilauri, yakamwagika mkekani, hakuyaona.

"Nilikufunga, mwanangu," alisema.

Jaji alitafsiri. Iraj alitikisa kichwa, akasema kitu kirefu, na safari hii mzee alikitafsiri polepole.

"Anasema amefungwa na wengi. Wewe ndiye wa kwanza aliyemfunga kwa kumpenda jaji wake."

Bi Mwanabaraka aliweka jagi chini. Alimshika mgeni mkono, akamvuta hadi kwenye sinia, akamkalisha upande wake mwenyewe, akamsogezea kichwa cha samaki, kipande cha mwenye heshima.

"Kula," alimwambia. "Umekonda sana wewe. Kula kwanza."